Bendi ya Mashoto

Asubuhi moja nilitoka nyumbani kwetu Nguvumali bila kujua naelekea wapi, na kilichonivuta njiani kilikuwa harufu ya rangi ya mafuta. Harufu za mji wa Tanga nilizijua karibu zote: unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, uliokaa ghalani hadi ukawa mchungu, mkonge uliooza ukiletwa na upepo kutoka mashambani, sabuni ya magadi ambayo majirani walijipikia uani wakati sabuni ya dukani ilikuwa jambo la kusimuliwa. Rangi mpya haikuwamo. Miaka yote ya shida nyumba zilibaki na rangi zilizopakwa kabla sijazaliwa, milango ikafanana na vumbi, na sisi watoto tukadhani ndivyo miji ilivyo. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Maduka yakajaa ghafla vitu ambavyo hatukujua hata majina yake, na mimi, ambaye shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano kwa kuwa ilinikalisha mno, nikawa nazunguka kutazama kila kinachofunguliwa. Bibi yangu aliyenilea aliacha kuniita Riziki. Aliniita Kiguu na Njia, na akitaka chumvi ya haraka alimtuma mtoto wa jirani.

Harufu ile ilinifikisha Ngamiani, kwenye duka la Bwana Seif. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Omani, na ndugu yake alikuwa amerudi kutoka Maskati na mashine ya mchezo wa muziki, ya kwanza kuonekana mitaani kwetu. Lilikuwa kabati refu kunishinda, lenye vitufe vinne vya rangi, kila kimoja kikubwa kama kitumbua. Mashine ilipiga kipande cha wimbo, taa zikawaka kwa kufuata sauti, nawe ulitakiwa kukirudia kwa kubonyeza. Ukikosea ililia kama bata aliyekanyagwa. Juu yake palikuwa na mahali pa kioo cha picha chenye taa nyuma yake, lakini kioo kilichokuja nayo kilivunjika wakati wa kushusha mzigo, kwa hiyo aliitwa Fundi Hemedi, mwandishi wa mabango, apake kingine. Nilimkuta anamalizia mbingu. Alipaka upande wa nyuma wa kioo ili rangi isichubuliwe na mikono yetu, na maandishi aliyaandika kinyumenyume bila hata kusita. Alipokigeuza na kukisimamisha, nilipiga ukelele kama mtu aliyemwagiwa maji. Harusi nzima ilikuwa mle ndani: bendi ya taarabu, wageni wamekaa mikekani, masinia ya pilau, nyumba ya ghorofa kando ya mto, na juu ya yote maneno KARIBU UCHEZE MUZIKI.

Wengi wetu hatukuja pale kucheza. Mchezo ulikuwa wa watoto wenye uwezo, na hata hao umeme uliwakatikia katikati ya wimbo. Umeme ukikatika wenye uwezo walikwenda zao, na picha ikabaki yetu. Tuliisogelea mpaka pumzi zetu zikafanya ukungu juu ya kioo. Tulishindana kuvumbua, na asiye na jambo jipya la kuonyesha alisukumwa nyuma. Mmoja aliona paka chini ya meza amevaa hereni. Mwingine aligundua kuwa mpiga ngoma ana vidole sita. Bwana harusi alikuwa na viatu visivyofanana, na kuna siku nzima tulibishana kama ni umaskini au ni haraka. Sifa kubwa nilipata mimi, nilipoonyesha kwamba wapigaji wote wa bendi ni wa mkono wa kushoto, tangu wa fidla hadi wa udi.

"Hao watu wa Maskati," alisema kijana mmoja kwa ujuzi. "Kwao ndivyo wanavyopiga."

"Maskati gani?" nikamjibu. "Wa fidla kavaa koti la mitumba, tazama kiwiko."

Tangu siku hiyo tukaiita Bendi ya Mashoto, na jina likaenea hata kwa wakubwa.

Rafiki yangu Mwanahawa ndiye aliyeona dirisha. Mwanahawa aliishi jirani yetu kwa shangazi yake, Bi Zuhura, na alikuwa mtu wa kutazama sana na kusema kidogo. Mama yake alikuwa Mpemba. Tulichokijua sote ni kwamba aliachika wakati wa shida, akarudi kwao Pemba, akafia huko. Kilichobaki cha mama huyo ni mkeka aliousuka, wenye nakshi za meno mekundu na safu moja ya kijani iliyoingia mahali pasipo pake, na Mwanahawa aliulalia kila siku. Sasa aliweka kidole juu ya kioo, kwenye dirisha la chini la ile nyumba ya mtoni. Ndani yake palikuwa na mwanamke si mkubwa kuliko njegere, na nyuma yake ukutani mkeka. Meno mekundu, safu moja ya kijani. Chini ya jicho la mwanamke palikuwa na nukta nyeusi.

"Mama alikuwa na alama hiyo," alisema. Halafu akaondoa kidole. "Lakini siye. Ya mama ilikuwa upande wa mkono wa kulia. Nakumbuka akinilisha, tonge na alama viko upande mmoja. Huyu yake iko kushoto."

Siku zilizofuata aliendelea kuja, akasimama nyuma ya wenzake, na kila umeme ulipokatika nilimwona akitazama dirisha lile lile kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe, huku akijua hakuna mwenyeji.

Mambo yalibadilika siku bibi yangu aliponifuata dukani kunirudisha nyumbani. Alinishika sikio, akageuka kuondoka, macho yake yakaangukia picha. Aliniachia sikio.

"Astaghfirullahi! Seif, baba, huyu mgeni anakula pilau kwa mkono gani?"

Bwana Seif akainama kutazama. Duka zima likainama. Sisi tuliovumbua paka mwenye hereni hatukuwa tumeliona: mgeni wa kwanza alikuwa na tonge katika mkono wa kushoto, wa pili vivyo hivyo, sinia zima, kana kwamba wameapa. Bendi ya mashoto tuliichekea. Watu wazima, harusini, kuutia mkono wa kushoto katika pilau, hilo halikumchekesha mtu.

"Ndiyo mnayowafundisha watoto wetu?" aliuliza bibi.

"Bibi, wallahi sikuona," alisema Bwana Seif, uso umemwiva. "Nitamwita Hemedi leo hii. Kioo chote atakikwangua, apake maua tu."

Bibi hakuridhika na hilo. Alinivusha barabara hadi kwa kinyozi Mzee Abdu, akaamuru ninyolewe kipara, kwa hoja kwamba msichana mwenye kipara ataona haya kuzurura, kisha akaenda zake. Nikaketi kwenye kiti na shuka shingoni, wembe ukaanza kutembea, nami nikainua macho kwenye kioo cha kujitazamia. Nyuma ya kichwa changu kilionekana kile cha mashine, ng'ambo ya barabara, mle dukani. Maandishi yalikuwa yamegeuka, hayasomeki. Lakini watu walikuwa wamenyooka. Fidla ilipigwa kwa mkono wa kulia. Tonge lilikuwa katika mkono wa kulia. Wageni wote wakawa Waislamu tena.

Nilisimama, nusu ya nywele ingali kichwani. Mzee Abdu akapiga kelele kwamba nataka afungwe kwa kosa la kukata sikio. Sikumsikia. Fundi Hemedi aliyapindua maandishi ili yasomeke mbele, nikawaza, lakini watu hakuwapindua. Kwa hiyo kila kilicho kushoto ni cha kulia.

Nilikimbia na shuka la kinyozi hadi kwa Bi Zuhura, nikamvuta Mwanahawa kutoka jikoni na mikono yake ya unga. Tulipofika Fundi Hemedi alikuwa keshakiteremsha kioo, ameshika kisu bapa. Nilimsihi akisimamishe kidogo tu, tazama huku, Fundi, nakuomba, na sijui kama alisikia maneno au aliona kichwa changu, lakini alikisimamisha. Nikamkalisha Mwanahawa kwenye kiti cha Mzee Abdu.

"Na huyu naye anyolewe?" aliuliza mzee.

Mwanahawa alitazama kwenye kioo. Dirisha lilikuwa dogo mno kutoka pale, ila alijua mahali pa kutazama. Aliinua mkono wake wa kulia, polepole, akaugusa uso wake chini ya jicho la upande huo huo. Unga ukabaki pale.

Nikamrudia Fundi Hemedi na kumwuliza ni nani yule wa dirishani.

"Huyo? Bi Asha Mpemba, wa Pangani. Nilifikia kwake nilipokuwa naandika bango kule, ana vyumba vya wageni karibu na kivuko. Nilimchora kumshukuru kwa pweza wa nazi." Halafu akaongeza, kama mtu aliyekwazika, "Watu sijawahi kuwachora kwenye kioo. Herufi ninazijua. Nani angenikumbusha kupindua watu?"

"Ulimwona lini?" aliuliza Mwanahawa. Alikuwa amevuka barabara bila sisi kumsikia.

"Mwezi uliopita, mwanangu."

Nimeona mengi tangu hapo, lakini uso kama ule wa Mwanahawa sijauona tena. Haukuwa uso wa furaha. Ulikuwa wa mtu aliyegundua kuwa sakafu anayoilalia kila siku ina shimo chini yake. Fundi, bila kujua, aliinama akaanza kukwangua, na mbingu ndiyo iliyotoka kwanza.

Kesho yake kulipopambazuka tuliondoka na wanawake wachuuzi wa samaki, tukiwa nyuma ya lori hadi Kigombe, na mchana tukapata jingine lililokuwa likifuata nazi Pangani. Kwapani Mwanahawa alibana mkeka wake, umekunjwa. Mimi nilikuwa na kichwa nusu kipara kilichofungwa kanga. Njia nzima hakuniuliza ingekuwaje kama siye, nami nilishukuru. Tuliposhuka karibu na kivuko niliitambua nyumba upesi, ila mlango ulikuwa upande ambao katika picha palikuwa na mto. Nikapiga hodi.

"Karibuni," ilijibu sauti kutoka ndani. "Chumba kimebaki kimoja tu."

Akatoka anafuta mikono. Nukta ilikuwa pale, chini ya jicho la kulia. Nilimwamkia shikamoo, nikasema jina la rafiki yangu na la Bi Zuhura. Uso wa yule mama ukakauka.

"Nani kakutumeni mje kunichezea? Mwanahawa wangu alikufa kwa surua."

Mwanahawa alipiga magoti barazani, akaukunjua mkeka. Bi Asha aliitazama safu ya kijani, akageuka kuutazama mwenzake uliotundikwa ukutani ndani, akarudi kuigusa kwa vidole.

"Huu niliambiwa alizikwa nao," alisema.

Miaka baadaye Bi Zuhura alijitetea mbele yangu: mtoto akiambiwa mama kafa hulia akamaliza, akiambiwa mama yuko mbali hulia kila siku. Na mama naye, alisema, akiambiwa mtoto kafa ni vivyo hivyo. Alisema kwa utulivu kabisa, akichambua mchele.

Chumba kile kimoja nilipewa mimi. Kilikuwa chumba changu cha kwanza cha ugenini, na baada yake nimelala katika vingi, maana kipara hakikunitibu. Siku hizi ninapopita Tanga hufikia kwa mdogo wangu, na mwanawe hucheza muziki kwenye simu. Ananiambia mchezo huo una mashabiki dunia nzima, wanaikuza picha yake kwa vidole viwili, wanazungushia duara jekundu kila kilichofichwa, wanabishana hadi asubuhi. Majuzi alinionyesha msichana mdogo dirishani, nyuma kabisa ya wapigaji, ambaye ndiyo kwanza amegunduliwa. Nikatafuta mikono yake, nikatafuta ukuta nyuma yake.

"Huyu anakaa wapi?" nikamwuliza.

Akanitazama kwa huruma. "Mama mkubwa, hakai popote. Amechorwa tu."