Upara wa Mma-Otsile

Ndugu, jamaa, marafiki, na ninyi mnaofika popote panapochemka nyama: mnatangaziwa kwa uzito unaostahili kwamba Mma-Otsile wa Mochudi, mwenye titi moja gonjwa na mume mmoja mzima, anajiandaa kuanza dripu za saratani Jumanne, na hadi sasa hajaamua ni kipi kati ya hivyo viwili kinachomsumbua zaidi.

Nesi wa Gaborone alikuwa amemweleza vizuri. Akatengeneze jino bovu, maana dripu hupunguza kinga ya mwili na kila kijidudu hugeuka hatari. Akate nywele mapema, asije akaziokota kwenye mto wa kitanda. Na zaidi ya yote apate mtu wa kupika na kuangalia watoto, maana kuna siku hata kuinua kikombe kutamshinda.

"Mume unaye?" nesi aliuliza.

"Ninaye," alijibu Mma-Otsile, kwa sauti ya mtu anayekiri ana chawa.

Jino likang'olewa. Mume akapewa somo la kwanza la kusonga ugali wa mtama. Aliunguza sufuria, akakumbuka ghafla kwamba ng'ombe wake wanamhitaji, akatokomea kwenye zizi lake la porini. Mma-Otsile akabaki na kazi iliyo rahisi: akaenda kwa kinyozi, akarudi na upara unaong'aa.

Sasa, Mochudi mwanamke hanyoi upara hivi hivi. Upara ni msiba. Na kwa kuwa Rra-Otsile, mumewe, hakuwa ameonekana siku kadhaa, mtaa mzima ulipiga hesabu na kupata jibu.

Jumapili mchana wanawake waliingia uani wamejifunika mablanketi, kuni kichwani, masufuria ya kanisa mkononi. Mbele alikuwa Mma-Kagiso, mzee wa kanisa, bingwa wa vilio.

"Pole, mwanangu. Alikuwa mtu mwema."

"Nani?"

"Mumeo. Mchapakazi yule."

"Mma, hapo umemchanganya na mtu mwingine."

Kabla hajaeleza, gari la ng'ombe likasimama langoni. Rra-Otsile akashuka, akaona mablanketi, akavua kofia kwa heshima.

"Nani katutoka?"

"Wewe," alisema mkewe.

Wanawake walimtazama kwa kinyongo. Kuni zimebebwa kutoka mbali, na mtu anasimama pale anapumua bila hata aibu.

Ndipo Mma-Otsile akawaambia ukweli: titi, dripu, Jumanne. Neno saratani lilipita kati yao kama nyoka, kila mmoja akirudisha mguu nyuma. Mmoja akaanza kukusanya kuni zake.

"Tutakuombea tukiwa nyumbani," akasema.

"Ziache," Mma-Otsile akamwambia. "Angekufa huyu mngepika hapa wiki nzima, na yeye asingeonja hata kijiko. Mimi bado nakula. Watoto wangu watatu wanakula. Au mpaka niwe maiti ndiyo mje na masufuria?"

Mma-Kagiso aliutazama ule upara, akamtazama na mwenyewe, halafu akavua blanketi, akamtupia aliyekuwa anakusanya kuni.

"Washa moto. Mimi nakuja Jumanne. Wewe Jumatano. Na wewe, marehemu, njoo hapa ushike mwiko."

"Mimi nimechoka, Mma, nimetoka..."

"Umetoka kaburini, najua. Koroga. Kwa nguvu, huo si uji wa mgonjwa."

Hadi jioni Rra-Otsile alikuwa amesonga ugali mara mbili. Wa kwanza waliwapa kuku, nao wakaufikiria kwanza. Wa pili watoto waliula wote, na Mma-Otsile akageuka upande mwingine kidogo, akajipangusa uso kwa kanga ya jikoni.

Mma-Kagiso hakuweza kuondoka bila ibada. Akawasimamisha duara, akaomba kwa kirefu, akalia ipasavyo, akamshika mgonjwa mikono yote miwili.

"Mwanangu, unaingia bondeni. Una neno gani la kutuachia?"

"Mwenye mafua asije."