Asubuhi Mikono Yote Iliponuka Dawa

Jumatatu iliyopita, hapa Butembo, mtoto wa darasa la nne alinipa mkono mlangoni pa shule, na mkono ule ulinuka kakao. Si chokoleti, rafiki yangu, maana najua wengi wenu kakao mnaijua ikiwa imeshavishwa karatasi inayong'aa. Nasema kakao yenyewe, ile mbichi inayofunikwa kwa majani ya ndizi siku tano au sita mpaka inaanza kupata joto lake yenyewe na kunuka siki na tunda lililoiva kupita kiasi. Nilimshika yule mtoto muda mrefu kuliko kawaida, mpaka akaanza kunitazama kwa wasiwasi, na wenzake nyuma yake wakaanza kusukumana. Nikamwachia. Lakini siku ile nzima sikuwa Butembo tena. Nilikuwa Beni, nina miaka kumi na mitatu, nimevaa blauzi nyeupe na sketi ya buluu, nimesimama mbele ya mwanamke ambaye shule nzima tulimwita Mama.

Sasa nina miaka ishirini, na najua utanicheka: mtu wa miaka ishirini ana zamani gani ya kusimulia? Cheka tu. Kwetu watu huzeeka kwa hesabu nyingine.

Mama hakuwa mwalimu. Alikuwa mjane, muuza makemba, zile ndizi za kupika, sokoni, na mmoja wa wanawake wa mtaa waliojitolea kutulea pale shuleni bila kupewa hata kipande cha sabuni. Shule yetu ilikuwa imejaa watoto waliokimbia vijiji vya kaskazini kwa sababu ya mauaji. Benchi la watoto watatu lilikaliwa na watano, wa pembeni akining'inia nusu. Mwalimu wetu alifundisha kwa nguvu zake zote, lakini hakuweza tena kujua nani ana nini nyumbani. Ndipo wale wanawake wakatugawana, kila mlezi watoto kumi. Walitushonea vifungo, walikaa nasi Jumatano mchana kurudia hesabu, na mtoto akikosa siku mbili walimfuata kwao. Mwanzoni walimu waliguna, wakasema shule imegeuka soko. Baadaye wakazoea, na mwisho wakawa hawawezi bila wao.

Walezi wengine walitujua kwa kuita majina kwenye daftari. Mama alitujua kwa mikono. Kila asubuhi, kabla mlinzi hajagonga ile rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu, alisimama mlangoni na kutuamkia mmoja mmoja kwa Kinande, "Wavukire," kisha akauchukua mkono wako kwa mikono yake miwili, akaugeuza kiganja juu. Hapo ndipo alipojua habari zako. Mkono baridi, mkavu, usionuka chochote, ulikuwa mkono uliolala njaa, na mwenyewe alipelekwa nyuma ya madarasa ambako sufuria ya uji wa soya ilikuwa inatokota. Mkono wenye malengelenge ulikuwa umechota maji mbali. Uliotetemeka ulikuwa umesikia risasi usiku, na huo aliushika zaidi.

Mimi alipenda kunitania. Baba yangu alikuwa dereva wa Fuso, anapakia Beni na kushusha Butembo, nami niliamka mapema kumsaidia kupangusa injini. Basi Mama akinusa mazuti, ile dizeli ya gari, kwenye vidole vyangu alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Wewe, leo tena ulilala mu Fuso?" Watoto wakacheka, nami nikaona haya na furaha pamoja. Sisi tulikuwa Waislamu, yeye mtu wa misa ya alfajiri. Mwezi wa Ramadhani alijua kabisa kwamba mkono wangu una njaa ya hiari, akaupitisha bila kunituma kwenye sufuria. Siku moja tulimuuliza kwa nini asituulize tu kama tumekula. Alitujibu maneno ambayo aliyarudia mpaka tukayakariri kuliko sala: "Kinywa inadanganyaka. Mukono hapana."

Pembeni yangu kwenye benchi alikaa msichana aliyetoka kijiji kimoja ng'ambo ya Mavivi, kaskazini mwa mji wetu. Alikimbia na bibi yake, ambaye yeye alimwita koko, na walikuwa wamepewa jiko la nyuma la jirani yetu walale humo. Alikuwa mwembamba, mwandishi wa herufi nzuri kuliko zote darasani, na alikuwa na kicheko cha kujizuia, anafunika mdomo kwa daftari. Tulikuwa darasa la sita, mwaka wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na alikuwa amejiapiza kwamba atapata cheti kile hata mbingu ianguke. Katika ukoo wao hakuna mwanamke aliyewahi kukipata. Mimi nilimwazima rula, yeye alinifundisha sehemu za desimali. Urafiki wa shule huanza na vitu vidogo kama hivyo.

Asubuhi moja Mama aliushika mkono wake, akaunusa mara mbili. Ulikuwa mweusi kwenye mikunjo na ulinuka kama huu wa Jumatatu iliyopita. Mchana ule alimfuata koko mpaka kwenye lile jiko. Tulikaa nje tukisikiliza. Koko alikuwa na shamba dogo la kakao kule walikokimbia, na kakao haingoji amani. Ikiiva imeiva, usipoivuna inaoza mtini. Walikuwa wanarudi kimyakimya kuvuna, mzee na mjukuu, kwenye njia ambayo watu walikuwa wanauawa. Mama hakugomba. Alikaa mchana wote, akamenya makemba pamoja na yule bibi, wakala kwa sombe ya majani ya muhogo, na jioni wakakubaliana: msichana hatakanyaga shamba mpaka mtihani upite, na walezi watachanga chakula cha nyumba ile kila wiki. Mama akaenda zake, na kweli mtoto akaacha kwenda shambani. Miezi mitatu mkono wake ulinuka chaki tu.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa kutapika damu. Unaukumbuka, sina haja ya kuutaja. Mlangoni pa shule iliwekwa ndoo yenye bomba, maji ya klorini yanayochoma pua, na kijana aliyetuelekezea kipimajoto usoni, kile chenye umbo la bastola. Wale waliotoka vijijini walilia kila siku. Ukutani walibandika picha na maneno. Mwalimu akatuongezea methali ya watu wa pwani, mficha maradhi kifo humuumbua, tukaiandika kwa wino mwekundu. Na kupeana mikono kukakatazwa.

Mama aliendelea kuja. Alisimama pale pale, ila sasa mikono ameifunga nyuma ndani ya kitenge, kana kwamba anaogopa itamtoroka. Tulipita mbele yake tumenawa, mikono yetu yote inanuka dawa ile ile moja. Hata angetushika asingejua lolote. Akaanza kuuliza kwa mdomo. "Ulikula nini jana?" Na sisi wote, walioshiba na wenye njaa, tukajibu, "Bugali na sombe." Alikuwa anatikisa kichwa, anatabasamu, lakini naona sasa kwamba alikuwa anapotea pale mlangoni kama mtu aliyezimiwa taa.

Walezi walikatazwa kukusanyika. Ile sufuria ya uji ikageuzwa chini juu. Mchango wa nyumba kwa nyumba ukakatika, maana watu waliogopa hata kugongeana milango. Na kakao ikaiva tena.

Rafiki yangu aliniambia tukiwa kwenye ndoo, anasugua vidole kwa bidii kuliko inavyotakiwa. "Usimuambie Mama. Akijua atakuja kusemesha koko, na tutakula nini?" Nikamwambia sitasema. Nilijiona mtu mkubwa kwa kutunza siri. Alianza na Jumamosi tu, kisha akaongeza Alhamisi. Nilimnakilia masomo ya Alhamisi kwa mwandiko wangu mbaya, naye Ijumaa akanirudishia daftari amenisahihishia makosa.

Alhamisi ya mwisho, Mama aliniita pembeni. Mtihani ulikuwa umebaki wiki mbili. Akaniuliza, mikono nyuma: "Mwenzako iko wapi?"

Elewa hali yetu wakati ule. Mtoto wa mahali pengine popote angesema mwenzangu anaumwa, na mambo yangeisha. Sisi hatukuthubutu, maana ukisema fulani ana homa, gari jeupe linakuja kumchukua na mtaa mzima unatoka kutazama. Kwa hiyo nilitafuta uongo salama, uongo wenye afya. Nikasema, "Alienda Butembo, kwa tantine yake." Nilimtazama machoni. Nikaongeza kwamba alikwenda kwa shangazi huyo kwa gari la baba yangu. Mama akapumua kwa raha, akasema afadhali, Butembo kuna utulivu, apumzike kidogo kabla ya mtihani. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Kutoka shuleni mpaka Mavivi, kwa pikipiki, si mwendo. Nimeupima mwendo huo mara nyingi tangu siku ile, kichwani.

Saa nane mchana watu walianza kushuka barabara ya Mavivi wakikimbia, wanawake bila vikapu, mwanamume mmoja na kiatu kimoja. Koko alifika jioni, amechubuka magoti. Alikuja peke yake. Alisema walitenganishwa kwenye migomba, alimsikia mtoto akimwita mara mbili, kisha hakumsikia tena. Wanaume walikwenda na askari kesho yake, na kesho kutwa. Walileta watu wengine, wakazikwa. Yeye hawakumkuta, wala kati ya walio hai wala kati ya wafu. Mpaka leo hana kaburi.

Jumapili baada ya misa Mama alikuja kwetu. Mama yangu mzazi alimpa kiti barazani, mbali kidogo, kama ilivyoamriwa. Sikungoja aulizwe mtu chochote. "Mama, nilikudanganya," nilisema. "Nilijua iko ku shamba. Nilijua kila Alhamisi."

Nilitaka anipige, na ningekuwa nimeshukuru. Badala yake aliitoa mikono yake kwenye kitenge, mbele ya watu wote na ugonjwa wote, akauchukua wangu kama zamani, akaugeuza kiganja juu. Ilikuwa mara ya kwanza kushikwa na mtu asiye wa nyumbani baada ya miezi mingi. Akasema polepole, "Siku zote nilikuwa nauliza mukono. Siku ile niliuliza kinywa. Kosa ni yangu pia."

Alisema "pia." Wengine waliniambia nilikuwa mtoto, sikuwa na kosa, na maneno yao yamepita kama upepo. Yeye aliniachia sehemu yangu ya kosa akachukua yake, tukalibeba wawili. Ni kwa sababu hiyo tu nimeweza kulibeba.

Siku ya mtihani msimamizi alisoma majina mlangoni. Jina lake lilikuwa bado kwenye orodha, limepigwa chapa vizuri. Akaliita mara ya kwanza. Akaliita ya pili, akitutazama juu ya miwani. Mwalimu wetu alikuwa amesimama uani, akaonyesha tu kwa mkono kwamba aendelee. Nilizifanya sehemu za desimali zote sawa. Nilipata cheti, na sikukionyesha kwa mtu.

Mama hakusimama tena mlangoni baada ya mwaka ule. Alihamia Luofu, kusini mwa Lubero, alikozaliwa, akalima viazi. Alinipigia simu kila Idi, hata moja hakuikosa, na kila mara alianza kwa kuniuliza kama bado nalala kwenye Fuso. Kisha vita vingine vikashuka huko. Simu yake ikaanza kusema haipatikani, na bado inasema hivyo. Koko alikufa; tuseme ni kwa uzee. Wale walezi wametawanyika, wengine wamekufa, wengine ni wakimbizi wanaohitaji kulelewa. Sisi tulihamia Butembo, na siku tatu kwa wiki nasimama mlangoni pa shule ya mtaa wetu pamoja na wanawake walionizidi umri mara mbili. Wao wana daftari la majina. Mimi nashika mikono.

Basi Jumatatu ile, baada ya masomo, nilimfuata yule mtoto kwao. Nilijua kwamba familia yake ilikimbia kutoka Kalunguta, na nilikuwa nimeshapanga maneno yote njiani; nilikuwa tayari kukaa kutwa nzima na kumenya chochote. Nilimkuta mama yake kando ya barabara, mbele ya depo ya mfanyabiashara, anatandaza kakao ya watu juani juu ya turubai kwa reki ya mbao. Mtoto akatupa mfuko wa madaftari, akapiga magoti, akaanza kuchambua punje mbovu. Ndiyo kazi yao. Nilimuuliza yule mama kama huwa wanarudi mashambani. Akashangaa. "Hapana, dada. Kule hatuendi tena. Hii kakao inatukutaka hapa."

Nikaanza kulia pale barabarani, mbele ya pikipiki na wapita njia, na yule mama maskini asijue alichosema kibaya. Alinisogezea kigoda. Ili nisionekane mpumbavu kabisa nikapiga magoti kando ya mtoto wake nikachambua naye mpaka jua likapungua, punje nzuri huku, mbovu kule. Tulipomaliza alinionyesha ndoo ya maji na sabuni.

Nilishukuru nikaenda zangu bila kunawa. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa nimeuachia mkono wangu unuke. Nilitaka aje mtu mmoja tu, auchukue kwa mikono yake miwili, augeuze kiganja juu, aniulize nilikuwa wapi.