Siku Niliyomfasiria Baba Bandarini

Redio ya Moroni ilituambia kila siku kwamba Mahore, kisiwa kilichobaki mikononi mwa Wafaransa, ni kwetu, hakuna mpaka. Haya. Basi mbona pale bandarini Mutsamudu, kisiwani kwetu, tuliposhusha pikapu ya baba kutoka melini, tulikuta kizuizi cha chuma na Mzungu wa sare nyeusi akidai pasi zetu? Ilikuwa miaka ya mamluki wa Kizungu. Walikuwa wamemrudisha rais madarakani, na tangu hapo walijiona wao ndio wenye visiwa.

Mimi na baba tulikuwa tumezunguka Mahore wiki nzima, duka hadi duka, tukinunua vitu vya nyumba yangu. Kwetu binti wa kwanza hujengewa nyumba, na mume ndiye huhamia kwake. Yangu ilianza kujengwa ningali nanyonya. Wenzangu walinionea gere. Mume naye alikwisha kupatikana, karani mkubwa wa Moroni mwenye mvi, aliyeniona mara moja tu akanisifu kwamba mimi ni mkimya. Mimi, mkimya! Nyuma ya pikapu tulibeba vigae vya buluu, godoro ndani ya nailoni, na nondo za madirisha.

Nilichokitaka mimi kilikuwa Mahore. Mama mdogo, aliyeolewa huko, alinitafutia nafasi ya kusomea uuguzi. Kumwambia baba sikuthubutu, maana harusi ilikwisha kutangazwa mji mzima, hadi mji jirani wa Mirontsy. Tulipoagana, mama mdogo alininong'oneza, "Wakikurudisha, mwanangu, njoo kwangu moja kwa moja." Kwa hiyo foleni nzima ilikuwa ikiomba Mungu ipite salama, na mimi peke yangu nikiomba nifukuzwe.

Dua ikakubaliwa. Yule Mzungu aliigeuzageuza pasi yangu, akasema kwa Kifaransa kwamba haina muhuri wa kutokea. "Mzee apite. Binti arudi na meli hii hii."

"Anasemaje?" baba akaniuliza. Yeye alisoma chuo cha Kurani tu, Kifaransa hakijui.

"Anasema nirudi." Moyo ulinienda mbio kwa furaha.

Baba akashuka garini. "Mwambie nyumba yako imekaribia kwisha. Mwambie mchumba wako anakuja baada ya Ramadhani. Mwambie mimi ni mtu mzima, asinitie aibu." Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele ya kijana wa umri wa mwanawe. Mzungu akacheka, akaniuliza kama mzee anaomba sadaka.

Asingecheka, ningefasiri nusunusu na kunyamaza. Lakini alicheka, na damu ikanichemka. Nilimchukia yule askari, nikamwonea baba huruma, nikaanza kusema. Nilisema Kifaransa safi kuliko chote nilichopata kusema darasani, juu ya nyumba, juu ya harusi, juu ya heshima ya mzee. Nikamsihi, nikamwita bwana. Nilijisikia nikijiombea kufungiwa katika nyumba ile, na kuacha sikuweza.

Mzungu aliacha kucheka. Akanirudishia pasi, akainua kizuizi.

Tulipanda barabara ya Patsy kuelekea nyumbani. Baba alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo.

"Umemwambia nini hata akakubali?"

"Ulichoniambia, baba."

Akanipigapiga begani. "Walinicheka nilipokupeleka shule," akasema. "Waje waone leo."