Kompyuta Isiyozimwa

Fundi huyu watu walimwita Polepole, na jina lilimkaa kama kofia yake. Wanasema nyumba ya jirani iliposhika moto aliombwa ndoo ya maji, naye akaanza kwa kuziba tundu la ndoo. Wanasema pia konokono alimsalimia akipita mlangoni, akaitikiwa wakati wa kurudi. Ya konokono ni chumvi, lakini ya ndoo ni kweli tupu, na ndoo ile haijavuja mpaka leo.

Kibanda chake kilijaa vitu ambavyo mafundi wengine walikwisha kuvizika. Asubuhi moja wakaingia wanawake wawili wamebeba kompyuta kuukuu, nzito kama deni la maneno, kila mmoja kashika upande wake na kila mmoja anatazama upande wake. Mtu na mkaza mwana wake.

"Fundi," alisema mama mkwe, "mwambie huyu aeleze alichofanya."

"Mwambie mama anakijua. Nilichomoa plagi nichomeke pasi."

"Mwambie pasi zina soketi zake."

Polepole akawatazama kwa zamu. "Mimi ni fundi au nimegeuka simu?"

Hakucheka mtu. Mama mkwe alikuwa mshonaji, na kompyuta ile ndiyo iliyoiamrisha mashine yake ya kutarizi. Ndani yake mlikuwa na maua yote aliyoyachora marehemu mumewe, na nakala haikuwepo popote. Mzee alipokaribia kukata roho alisema, "Msiizime." Hakusema kwa nini. Nyumba nzima ikaishika kauli hiyo. Watoto walifundishwa kuuruka ule waya kabla hawajafundishwa kusalimia wageni. Umeme ukikatika, betri ya gari chini ya meza iliibeba. Miaka ikapita kompyuta haijafumba jicho, hadi mwana alipooa, na mke akaja na pasi yake.

Ilipowashwa tena, ikaandika kwamba haijui diski yoyote. Tangu hapo mama mkwe hakumsemesha mkaza mwana hata neno la kuomba chumvi. Binti wa watu alishakunja nguo zake sandukuni. Alingoja tu fundi aseme maua yamekufa, arudi kwao.

Polepole akaifungua, akainamia, akanusa kama anayechagua samaki. Akagusa chipu moja nyeusi, nene.

"Mgonjwa ni huyu. Hii ni saa yake, na betri imo humohumo tumboni, ilifungiwa kiwandani. Imekufa zamani, mzee angali hai. Bila betri, ukiizima inasahau kwamba ina diski. Nadhani mzee aliikumbusha mwenyewe kila alipoiwasha."

Mama mkwe akakaa kwenye kigoda. "Kila asubuhi aliinama pale akibonyeza tarakimu. Mimi nampigia kelele chai inapoa. Kumbe alikuwa anaiamsha."

Chipu mpya haikupatikana. Hata ya akiba ya Polepole ilizeekea kwenye boksi lake, betri imefia humo. Akaichomoa ile ya zamani, akashika tupa, akaanza kuikwangua ubavuni. Alitafuta nyaya mbili nyembamba kama unywele, na tupa ikiteleza tu, saa yenyewe ingekwenda na betri yake. Akwangue, apulize, atazame. Akwangue, apulize. Mama mkwe, mtu wa sindano, alijua anachokitazama, akabana pumzi. Mkaza mwana akainua taa bila kuombwa, na mkono haukutikisika.

Nyaya zikang'aa. Polepole akaikata betri iliyokufa, akalehemu nyaya nyingine mbili zilizokwenda kwenye betri ya duara kama kifungo cha koti. Akairudisha chipu mahali pake, akaiwasha kompyuta, akasoma tarakimu zilizobandikwa kwenye paji la diski, akazibonyeza moja moja, kisha tarehe ya leo. Kioo kikafunguka. Maua yale, yote, hadi moja ambalo mzee aliliacha bila jani la mwisho.

Mama mkwe akafuta uso kwa ncha ya kitambaa.

"Bado," alisema Polepole. "Sasa izimwe. Ikikumbuka yenyewe, ndipo imepona."

Mama mkwe akanyoosha mkono kwenye plagi, ukarudi wenyewe. Akanyoosha tena, ukarudi. Akageuka.

"Chomoa wewe."

Mkaza mwana akatazama nyuma yake, labda kuna mtu mwingine. "Mimi, mama?"

"Nani tena? Si wewe ndiye mwenye uzoefu?"

Akachomoa. Kioo kikawa giza. Polepole akachukua kikombe cha maji, akaanza kunywa, funda kwa funda.

"Fundi, washa!" walipiga kelele wote wawili kwa pamoja.

"Alaa," alisema Polepole, akapangusa midomo. "Kumbe mnaweza kusema kitu kimoja."

Akachomeka. Saa ikaja na tarehe ya leo, diski ikafuata, na maua nyuma yake.

Wakati wa kuondoka mama mkwe alishika upande wake. "Inua, mwanangu. Na hiyo pasi yako tutaipa soketi karibu na cherehani. Magauni yangu yamekunjamana mno."

Wakaibeba, safari hii wakitazama upande mmoja.