Pihla wa Akiba

Wafini tunasifiwa kwa kunyamaza. Anayesema hivyo hajanisikia mimi Raili. Napika chakula cha shule hapa Varkaus, na nasema tangu asubuhi mpaka masufuria yanaoshwa. Leo nitamsema Pihla, binti wa kaka yangu, kwa sababu bado ananichemsha damu.

Mtoto yule alizaliwa na mchecheto. Mezani alikuwa akitikisa goti mpaka supu ya njegere inamwagika. Ndani ya sauna, chumba chetu cha mvuke, ambamo hata mbwa wangu hutulia, yeye anapanda benchi la juu, anashuka, anatoka kukanyaga theluji, anarudi.

"Pihla, umekalia sisimizi?"

"Shangazi, sauna yako imepoa," ananijibu, na uso umemwiva kama nyanya.

Kaka yangu alikuwa akifanya zamu kiwanda cha karatasi, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa barafu. Alfajiri na mapema, kabla vijana wa magongo hawajauvamia. Alipovaa vile viatu vyenye visu chini, miguu ile ikapata kazi. Akawa bingwa wa watoto, kisha bingwa wa wasichana, na mimi huku nazeeka kwenye yale mabenchi baridi, nimejifunika blanketi, chupa ya kahawa mapajani.

Mruko wake mkubwa unaitwa lutzi. Unakwenda kinyumenyume, unachoma barafu kwa ncha ya kiatu, unajirusha, unazunguka mara tatu hewani, unatua kwa mguu wa kulia. Kuueleza ni rahisi. Kuufanya ni kufa kupona.

Sasa, alikuwepo na Oona. Oona Kettunen, msichana mrefu mwenye majivuno, kocha wao mmoja, Marjut, na uwanja wao mmoja. Miaka ile Finland ilikuwa na nafasi moja tu ya mwanamke kwenye Mashindano ya Ulaya. Oona akashinda ubingwa wa taifa, Pihla wa pili. Mwaka uliofuata, hivyo hivyo. Wa pili ndiye wa akiba. Anafanya mazoezi kama msafiri, begi limefungwa, halafu anawatazama wenzake kwenye televisheni. Hebu niambie, mtu kama huyo aombe nini? Akiomba mwenzake aumie ni dhambi, asipoomba haendi. Januari zile hakukalika na Pihla. Nilikuwa namtuma apande paani kwangu akazoe theluji kwa koleo, ili tu nipumzike na hatua zake.

Mwaka wa tatu Marjut alimwambia wazi. "Nyuma yako kuna watoto wa miaka kumi na mitano wanaruka unavyoruka wewe. Ni mwaka huu, au basi."

Pihla aliingia mashindano ya taifa na roho juu. Akaenda vizuri, vizuri, mpaka lutzi ya pili. Akaanguka kwa matako mbele ya ukumbi mzima. Oona wa kwanza, Pihla wa akiba. Nilitukana kwa sauti, na watu waliokaa mbele yangu wakageuka.

Kisha siku moja ya Januari akanijia jikoni shuleni. Hakusalimu. Akawa anafunua vifuniko vya masufuria na kuvirudisha.

"Acha vifuniko vyangu. Una nini?"

"Shangazi, Oona ameumia. Kifundo cha mguu. Nimemkuta chumba cha kubadilishia nguo anakikanda kwa barafu, kimevimba hivi. Ananisihi nisimwambie Marjut."

"Mguu gani?"

"Wa kulia."

"Ule wa kutua? Ala! Piga simu!"

"Kwa nani?"

"Kwa Marjut! Kwa shirikisho! Kwa Rais wa nchi, kama hawapokei! Si kesho mchana ndiyo mwisho wa kubadilisha jina?"

"Ndiyo. Baada ya hapo nafasi ikiachwa, imeachwa."

"Basi unangoja nini, mwanangu?"

"Ningekuwa mimi, ningeficha," akasema.

"Usipopiga wewe, napiga mimi."

"Ukipiga, Shangazi, sitakanyaga kwako tena." Na macho yake yalinionyesha kwamba hatanii. Akazunguka meza ya kukatia viazi, akazunguka tena. "Nipeleke uwanjani," akasema.

Nikamwachia mwenzangu viazi, tukaenda. Watoto wa mazoezi walikuwa wametoka, wale wa magongo hawajaingia. Oona alikuwa peke yake kwenye barafu, anateleza polepole, anauhurumia ule mguu. Pihla akasimama kwenye ukingo.

"Oona, ruka lutzi."

"Nini?"

"Ruka sasa hivi, mara moja tu. Ukitua, mdomo wangu nimeufunga. Ukishindwa, unampigia Marjut wewe mwenyewe, hapa hapa, mbele yangu."

"Wewe nani unipe mtihani?"

"Mimi ni wa akiba."

Oona akanitupia jicho. "Na huyu mama mwenye domo?"

"Domo ninalo na simu ninayo," nikamwambia. "Ruka tuone."

Akatuangalia sote wawili, akaenda kuchukua kasi. Niliomba aanguke. Ndiyo, niliomba, na sioni haya. Akaja kinyumenyume kwa kasi, akachoma barafu, akapaa.

Akatua. Tena akatua vizuri, mguu wa nyuma umenyooka, mikono imefunguka, kama hana lolote. Halafu akashika ukingo, akauma glavu yake, machozi yakamtoka.

"Haya, nenda kakande mguu," Pihla akasema.

Ndani ya gari nilimtolea uvivu. "Mjinga wee! Mtu amelia mbele yako kwa maumivu! Ataweza wapi huko Ulaya na mguu ule?" Goti lake lilikuwa likigonga mlango wa gari, tap tap tap.

"Umeona alivyotua?" ndilo jibu lake.

Kesho yake mchana ukafika, ukapita. Sikupiga. Nilikaa na simu mfukoni mwa aproni, nikaunguza uji wa watoto.

Siku ya mashindano Pihla alikuwa kwangu, anatoka dirishani anakwenda mlangoni. Nikawasha televisheni. Mtangazaji akasema Kettunen wa Finland amejitoa. Mazoezi ya asubuhi yamemshinda, mguu haukanyagiki, na hana wa kushika nafasi yake. Nilirusha kijiko cha kahawa ukutani. Nafasi yetu ikabaki tupu, mbele ya Ulaya nzima! Pihla akavaa koti, akatoka. Nilimkuta uani kwa jirani anazoa theluji ambayo hakuna aliyemwomba aizoe.

Mwaka uliofuata msichana wa miaka kumi na mitano akawashinda wote wawili. Hiyo ndiyo safari ya Pihla kwenye barafu: wa akiba, wa akiba, wa akiba. Siku hizi anafundisha wadogo pale pale uwanjani. Oona naye huja kwangu Jumapili, anakula maandazi yangu ya iliki, na mimi nammiminia kahawa huku nimenuna.

Jumapili iliyopita, Oona alipoondoka, uvumilivu ukaniishia.

"Niambie ukweli. Kama ungejua kwamba atajitoa, ungepiga ile simu?"

Pihla alikuwa anaosha vikombe. Akaosha kimoja mara mbili.

"Alitua, Shangazi."

"Najua alitua! Nilikuwepo!"

"Mguu mbovu, na alitua," akasema. "Mimi nilikuwa na mguu mzima, nikaanguka."

Mimi Raili, nikachukua kitambaa, nikakausha vikombe.