Wifi Njiti na Kiuno cha Sponji

Wifi yangu, mke wa kaka, ni mwembamba mno. Tangu shuleni walimwita Njiti, na jina likamfuata hadi kwenye jiko la kiwanda cha vigae alikoajiriwa kupika. Alipika vizuri, nami si mtu wa kusifusifu. Lakini mafundi walimtazama mara moja tu wakasema mpishi anayekikimbia chakula chake lazima ana sababu. Masufuria yakawa yanarudi yamejaa, na meneja akamwambia hali ikiendelea hivyo atatafuta mtu mwingine.

Mwenye akili timamu angewaomba waonje mchuzi. Yeye alikata godoro kuukuu, akajishonea kiuno, mapaja na mikono ya sponji. Kila wiki akaongeza kipande na kuvaa masweta juu yake, anenepe taratibu mtu asishtuke. Msinicheke, sindano ilikuwa yangu.

Mafundi wakala hadi ukoko, wakaanza kumwita Mama Bonge. Kilichonishangaza mimi ni moyo wake. Njiti alikuwa mtu wa kujibu kwa kutikisa kichwa, amejikunyata pembeni. Mama Bonge alitaniana na mafundi, akaimba, akacheka mpaka vifuniko vikatetemeka. Jioni akivua sponji, kicheko nacho kinavuliwa.

Kaka akaja kwangu kulalamika kwamba ameoa wanawake wawili, na yule mchangamfu anashinda kiwandani. Akamwomba mkewe abaki na sponji mpaka baada ya chakula cha jioni, halafu mpaka wakati wa kulala. Nilimwambia huo ni upuuzi. Akanijibu kwamba nyumba yake haijawahi kuwa na raha kiasi hicho. Wifi mwenyewe alikuwa uani kwangu akifua ile mikono, akaikamua maji, akasema bila kunitazama:

"Wifi, mimi sijui kama kuna mtu anayenisubiri mimi."

Nikamsaidia kuanika.

Siku moja ya joto kali akazimia mbele ya sufuria. Mafundi wakaanza kumvua ili apate hewa. Likatoka sweta, likatoka lingine, ukatoka mkono, likatoka paja, na kadiri walivyomvua ndivyo walivyozidi kuogopa kwamba hawatamkuta mtu. Fundi mmoja, jitu zima, alikuwa analia akisema mama anaisha.

Hospitali nesi akampima na kumsomea uzito wake. Wifi akadondosha machozi, akauliza zile kilo nyingine zimeenda wapi. Nesi alidhani ni homa.

Kaka akafika anahema. Alikuwa amepitia kiwandani kwanza, na kifuani amekumbatia mfuko wenye sponji zote. Wifi akamtazama yeye, akautazama mfuko.

"Umekuja kumchukua nani?"

Kaka yangu, mtu anayekujibu kabla hujamaliza kuuliza, akafikiri kwanza. Kisha akasema, "Wewe."

Lakini wifi alikuwa ameshageukia ukutani.