Shujaa Aliyeliliwa Dunda

Juzi nilikwenda Bagamoyo kwenye harusi, nikapita Dunda kuitazama nyumba ya Bibi. Barazani walikaa vijana na simu zao, kila mmoja na lake. Nikacheka peke yangu, maana baraza ile, ndugu yangu, enzi zetu haikujua kunyamaza.

Bibi na shoga yake wa Pangani walisoma chuo kimoja cha Kurani, kisha wakaolewa miji mbalimbali. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa hekaya za kale, zile za ngome na panga, za mashujaa wanaovuka jangwa kwa farasi kwa ajili ya mwanamke waliyemwona mara moja tu dirishani. Basi wakawa wanatunga ya kwao kwa barua: Bibi sura moja, shoga yake inayofuata. Bahasha zililetwa na kondakta wa basi, zikinuka samaki wa abiria.

Ikifika barua, alasiri wanawake wa mtaa hujaa barazani na ukili wao wa kushonea mikeka. Bibi huvaa miwani, hukohoa kidogo, husoma. Sisi watoto tulipewa vitumbua vya moto ili tusisumbue, na hatukusumbua hata kidogo. Tulitaka kujua kama shujaa amefika ngomeni.

Siku moja shoga yake akamuua shujaa. Sumu, tena ndani ya maziwa. Jirani yetu aliangua kilio, wenzake wakafuata, mpaka mzee mmoja mpita njia akavua viatu na kuingia kainamisha kichwa.

"Poleni sana. Maziko saa ngapi?"



Bibi alikasirika kwelikweli. "Kaniulia mtu nyumbani kwangu, hata kuniuliza hakuniuliza!" Akagoma kujibu. Ikaja barua nyingine, na nyingine tena, asizifungue. Niliogopa urafiki wao umekwisha, na Bibi asiye na barua alikuwa mtu mwingine kabisa, wa kuunguza wali na kugombana na kuku. Mwisho akafungua moja. Ilikuwa na mstari mmoja tu, akatusomea: "Mfufue ukitaka, shoga yangu, lakini usininyamazie." Akafuta miwani kwa upindo wa kanga. Kesho yake shujaa alitapika sumu yote, akaomba aletewe farasi wake.

Waliandikiana hivyo miaka mingi, mpaka zikaja habari za msiba kutoka Pangani, safari hii msiba wa kweli. Shujaa alikuwa ameshafika langoni, na mlango ndio kwanza unafunguliwa. Arubaini ilipopita, jirani akamwomba Bibi amalizie mwenyewe, atuonyeshe hiyo harusi tuliyoingoja. Bibi akatikisa kichwa.

"Sura hii ni yake," akasema.

Hakuandika tena.

Siku hizi naandikiwa ujumbe mchana kutwa, na najibu kabla chai haijapoa. Nashukuru. Ila Bibi namwonea wivu: sina mtu ambaye, akiondoka, nitamwachia sura yake.